Barua ya wazi kwa viongozi wa wilaya yetu: tunaomba giza ufukweni

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Ndugu Ofisa Uvuvi wa Wilaya.

YAH: TAA, MAGARI NA WIZI WA MAYAI KATIKA UFUKWE WA UMMA WANAKOTAGA KASA NA NDEGE CHEKEAMWEZI

Waheshimiwa, poleni na majukumu. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yetu ya nne. Ya kwanza tuliileta kwa mkono kabla ya masika ya mwaka jana, ikagongwa muhuri pale masijala, tukaambiwa tusubiri siku kumi na nne. Ya pili tuliileta baada ya Nane Nane. Ya tatu ilikuja na sahihi za kaya 43 pamoja na picha. Katikati ya hizo tumekaa kwenye benchi la nje ya ofisi zenu mara sita, na mara zote sita tumeondoka na jibu moja: linafanyiwa kazi. Tumeandika hadharani leo kwa sababu njia ya ofisini tumeifuata mpaka mwisho wake, na masika mengine yanakaribia.

Jina la kijiji na la ufukwe sitalitaja. Barua zetu mnazo, mnatufahamu. Kiota kinachotangazwa mbele za watu hupata mgeni wa usiku mwenye jembe na ndoo, nasi hatutaki kuwa ndio tuliomwelekeza. Hoteli nayo sitaitaja.

Kikundi chetu kina watu 14. Wapo wavuvi, wapo akina mama wanaokaanga samaki, yupo fundi pikipiki, yupo mwalimu mstaafu anayetutunzia daftari. Hakuna anayelipwa. Kila usiku wawili wetu hutembea kilometa nne za mchanga, kwenda na kurudi, wakifuata saa za maji kujaa. Vifaa vyetu ni tochi mbili zilizofungwa kitambaa chekundu, kamba, vijiti vya mianzi na hilo daftari.

Naomba nieleze tunacholinda, kwa kuwa nina shaka kama kuna hata mmoja wenu aliyewahi kukiona. Kasa jike akitoka majini hupanda polepole, anapumzika kila baada ya hatua chache, na pumzi yake unaisikia kabla hujamwona. Anachimba kwanza shimo la kulaza mwili kwa mapezi ya mbele. Kisha, kwa mapezi ya nyuma, anachimba kisima chembamba cha mayai, pezi moja baada ya jingine, likijikunja kama kiganja kinachochota unga. Anataga mayai mia moja na kitu, meupe, makubwa kama mipira ya tenisi ya mezani. Muda wote huo chumvi inamtoka machoni. Wazee wa hapa husema analilia wanawe. Akishafukia anarudi baharini na haji tena kuangalia. Siku 55 hadi 60 zinazobaki ni kazi ya mchanga, joto na sisi.

Jike huyo alisubiri miaka 25 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza. Katika vifaranga elfu moja, inakadiriwa kwamba anayefika utu uzima ni mmoja. Kwa hesabu hiyo, kiota kimoja kinachopotea ni hasara tusiyoweza kuifidia kwa semina.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Taa.

Ukuta wa hoteli mpya umewekewa taa kumi na mbili kubwa nyeupe, zote zimeelekezwa baharini. Zinawaka kuanzia magharibi hadi alfajiri, hata usiku ambao hoteli haina mgeni.

Kifaranga wa kasa akitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga kuliko pote. Ufukwe ukiwa na giza, upande huo ni bahari, kwa sababu maji yanaakisi nyota na mwezi. Ufukwe ukiwa na taa, upande huo ni ukuta.

Masika ya mwaka juzi kiota chetu cha kumi na moja tulikilinda siku 57. Usiku kilipotoka, wenzetu wawili walikuwa upande wa pili, ambako kasa mwingine alikuwa anataga. Alfajiri tulikuta alama ndogo ndogo, kama mtu aliyeburuta minyororo mingi mchangani, na zote zilielekea hotelini. Tulizifuata. Vifaranga 31 walikuwa ndani ya mtaro wa maji ya mvua, wamekauka. Wengine walikuwa wanahangaika kwenye nyasi, wachache walikuwa wanazunguka ndani ya bwawa la kuogelea. Kunguru walikuwa wametutangulia. Mama mmoja wa kikundi chetu alilowesha kitenge chake, akawakusanya waliokuwa hai mmoja mmoja huku akihesabu kwa sauti, 38, akawashusha hadi ukingo wa maji. Baadaye tulifukua kiota tukahesabu maganda: mayai 104 yalikuwa yameanguliwa. Vifaranga 35 hatukuona hata mabaki yao.

Meneja wa hoteli alitusikiliza kwa heshima. Akatuambia taa zimo kwenye ramani iliyopitishwa na halmashauri, na hawezi kubadili kitu bila maelekezo ya halmashauri. Hapo ndipo barua ya kwanza ilipoanzia. Na ukuta wenyewe tumeupima kwa kamba kutoka alama ya maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko siku zote: mita 24. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Tumeuliza mara tatu kibali kilitolewa kwa msingi gani. Hatujajibiwa.

2. Magari na pikipiki mchangani.

Kila Jumamosi na Jumapili magari yanashuka ufukweni kwa njia ya mnadani, na sasa zimeongezeka pikipiki za magurudumu manne za kukodisha. Tairi zinashindilia mchanga juu ya viota. Zinaacha mifereji ambayo kifaranga mwenye urefu wa kidole akitumbukia humo hatoki. Hilo ni la kasa. Nataka niseme zaidi la chekeamwezi, kwa sababu yeye hana mtu wa kumsemea.

Chekeamwezi wengi mnaowaona pwani ni wageni. Wanakuja na kaskazi kutoka Ulaya na Asia, wanakula kwenye kupwa, wanaondoka. Huyu ninayemzungumzia ni mwenyeji: mdogo, kifua cheupe, mgongo wa rangi ya mchanga, anakimbia mbele ya wimbi kama povu lililopeperushwa. Anataga hapa hapa, juu kidogo ya mstari wa maji, kwenye kishimo alichokikwangua kwa kifua na miguu. Mayai ni mawili au matatu. Hana nyasi wala kijiti cha kujengea. Akihisi mtu anakuja anayarushia mayai mchanga kwa miguu mpaka yafunikwe nusu, kisha anaondoka kimya kimya kama asiye na shughuli. Ukimsogelea zaidi anaburuta bawa akijifanya ameumia ili umfuate yeye. Mbinu hizo zinatosha kumdanganya mbwa na mtoto. Gari halidanganyiki, linapita tu.

Mwezi Septemba nilikuta alama ya tairi imekata katikati ya kishimo. Mayai mawili yalikuwa yamegandamana na mchanga. La tatu lilikuwa zima, ukingoni kabisa mwa alama ile. Mzazi alikuwa amelilalia, ndani ya mfereji wa tairi, jua la saa saba likimwakia mgongoni. Sijui alikuwa dume au jike; hulalia wote wawili, kwa zamu, karibu mwezi mzima. Siku ya pili yake, Jumapili, magari yalirudi, na hatukumwona tena.

Ndege huyu hamo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, na sitawadanganya kwamba yumo. Lakini daftari letu linaonyesha jozi tisa zilizotaga kwenye kilometa zetu nne miaka sita iliyopita. Mwaka huu tumeona mbili. Hapa kwetu anakwisha mbele ya macho yetu.

3. Mchanga.

Matipa na kirikuu zinachota mchanga upande wa kusini usiku. Mahali palipochotwa maji yanafika, na kiota kikifikiwa na maji ya bamvua mara kwa mara mayai yanaoza. Namba za magari manne tuliziambatanisha kwenye barua ya tatu.

4. Wizi wa mayai na nyama.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zinamlinda kasa wazi kabisa: haruhusiwi kuvuliwa, kuuzwa wala kuliwa. Mwaka jana kikundi chetu kilimkamata mtu akiwa na kasa jike mzima, amepinduliwa mgongo chini, mapezi yametobolewa na kufungwa kamba. Tulimwachia kasa baharini baada ya kupiga picha, kama tulivyoelekezwa kwa simu. Mtuhumiwa alifikishwa kituoni saa nne usiku. Saa tatu asubuhi alikuwa sokoni. Tulipouliza tukaambiwa ushahidi umeondoka na maji.

Hili lina upande wa uhai wa binadamu pia. Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watu tisa walifariki kwa kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto. Nyama ya kasa wakati mwingine inakuwa na sumu ambayo kupika hakuiondoi. Ofisi yenu ingeweza kulisema hilo msikitini, kanisani na kwenye mkutano wa kijiji kwa gharama ya nauli tu. Tumelisema sisi, kwa nauli zetu.

5. Kutotambuliwa.

Kijana wetu mwenye miaka 21 alikamatwa na mgambo saa nane usiku akiwa amesimama karibu na kiota, akashikiliwa hadi asubuhi kwa tuhuma za kuiba mayai ambayo alikuwa anayalinda. Alitoka na jicho limevimba. Mama yake amemkataza kurudi, na sina neno la kumwambia mama huyo. Tuliomba vitambulisho vya karatasi vyenye muhuri wa halmashauri. Karatasi kumi na nne. Hatujavipata.

Sasa niyaguse majibu ambayo tumekwisha kuyasikia kwenye korido, ili tusiendelee kupigana danadana.

Mtasema mwekezaji analeta ajira. Ni kweli, vijana watano wa kijiji wanafanya kazi pale, mmoja ni mpwa wangu. Hatujaomba hoteli ifungwe. Tumeomba taa zigeuzwe zitazame chini, zifunikwe upande wa bahari, na balbu nyeupe zibadilishwe ziwe za rangi ya chungwa au nyekundu, ambazo haziwasumbui kasa sana. Mgeni hakosi chakula cha jioni kwa taa ya rangi ya chungwa. Na wapo wageni wanaosafiri kwa ajili ya kuona vifaranga wakiingia majini; hilo linafanyika Mafia, ambako kazi ya kulinda viota kwa kuwashirikisha wanakijiji ilianza mwaka 2001, na anayeonyesha kiota hupewa kifuta jasho.

Mtasema tuhamishe viota vipelekwe mahali salama. Ofisa mmoja alituambia hivyo kana kwamba tunahamisha vyungu vya maua. Yai la kasa huhamishwa ndani ya saa chache tu tangu litagwe, bila kugeuzwa. Baada ya hapo kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika, kinajishika kwenye ganda, na ukilizungusha umeliua. Joto la mchanga nalo ndilo linaloamua kifaranga awe dume au jike: mchanga wenye joto zaidi huleta majike. Huwezi kuchukua mayai ya kivulini ukayaweka popote palipobaki. Tunahamisha pale tu kiota kilipochimbwa chini ya mstari wa maji, na hapo huwa tunakimbia.

Mtasema kasa si kiumbe aliye hatarini tena. Hili najua litaletwa, maana Oktoba 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalotunza orodha hiyo ya dunia, ilimwondoa kasa wa kijani katika kundi la walio hatarini kutoweka duniani. Tulifurahi kama watu waliopata mtoto. Lakini someni sababu: idadi imepanda kwa miongo ya kulinda viota, kuzuia biashara ya mayai na kubadili nyavu, kazi iliyofanywa ufukwe kwa ufukwe. Idadi hiyo ni ya dunia nzima. Hapa kwetu tunaihesabu kwenye daftari. Na ng'amba, kasa yule mwenye mdomo kama wa kasuku, bado yumo kundi la hatari kubwa kabisa.

Mtasema huo ni ufukwe wa umma na hamwezi kuwazuia wananchi. Kuhusu hili naomba niwape mfano wa mbali, kwa sababu una jina letu ndani yake. Mjini Chicago, Marekani, kuna ufukwe wa umma uitwao Montrose, kwenye Ziwa Michigan. Mwaka 2019 jozi moja ya ndege wa jamii ya huyu chekeamwezi wetu, wa kundi la Maziwa Makuu ya kule ambalo katika miaka ya 1980 lilishuka hadi chini ya jozi 20, ilitaga pale mchangani. Watu wa kujitolea wakaweka zamu, kipande cha mchanga kikazungushiwa uzio, na tamasha kubwa la muziki lililokuwa lifanyike hapo mwezi Agosti likafutwa. Watu waliendelea kuogelea na kucheza kwenye sehemu nyingine ya ufukwe ule ule. Kifaranga mmoja wa jozi hiyo, aliyeanguliwa mwaka 2021, alipewa jina la Imani. Neno letu hilo. Imani alirudi Montrose mwaka uliofuata, na mwaka 2024 akapata mwenza na vifaranga pale pale. Kundi lao lote sasa limevuka jozi 80. Mji wenye mamilioni ya watu uliwapisha ndege wawili. Sisi tunaomba mita mia tatu.

Na mtasema hakuna bajeti. Kuzima taa hakuhitaji bajeti. Nguzo za kuzuia magari tutazichimbia wenyewe. Fundi wetu ameshazipigia hesabu.

Tunachoomba, kwa hiyo, ni hiki. Kabla ya mwisho wa Februari, halmashauri itoe maelekezo ya maandishi kwa majengo yote yanayotazama ufukwe huu: taa za upande wa bahari zifunikwe au zizimwe kuanzia saa mbili usiku, kuanzia Machi hadi Septemba. Njia ya mnadani ifungwe kwa magari na pikipiki, isipokuwa za wavuvi wanaoshusha samaki, na hao tumeshakubaliana nao wapite wapi. Mita mia tatu za kaskazini, ambako ndiko viota vingi viko, ziwekewe kamba na bango wakati wa msimu. Watu wapite kwa miguu chini ya mstari wa maji, mbwa wafungwe. Matipa yenye namba tulizoleta yachukuliwe hatua. Vitambulisho kumi na vinne vitolewe, na mgambo wasomewe majina yetu. Kibali cha ukuta, pamoja na tathmini ya athari kwa mazingira iliyokitangulia, vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji tuvisome.

Tunaomba pia jibu la maandishi ndani ya siku 21. Likiwa ni la kukataa, liseme sababu. Tusipopata jibu tutaandika kwa Mkuu wa Mkoa na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na nakala za barua zote nne zitaambatanishwa pamoja na kurasa za daftari.

Jambo la mwisho. Kasa mmoja alitaga nje ya msimu, wiki tano zilizopita, hatua arobaini kutoka kwenye ukuta wenye taa. Kwa hesabu ya mwalimu, vifaranga watatoka kati ya tarehe 9 na tarehe 14 mwezi ujao, saa za usiku. Sisi tutakuwepo siku zote hizo na shuka nyeusi sita za kukinga mwanga, tukizishika kwa mikono kuanzia kwenye kiota hadi kwenye maji. Tunawakaribisha mje kushika shuka pamoja nasi. Njooni na viatu vya kuvua na msiwashe tochi. Kijana atawapokea kwenye mvinje mkubwa, penye mtumbwi wa bluu uliopinduliwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu,
kwa niaba ya wanakikundi 14 na kaya 43 zilizosaini barua ya tatu.

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji, Diwani wa Kata, Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU).